Mke Wangu na Gia Zake

Nyumbani kwetu Lushoto, kilichotugombanisha mimi na mke wangu ni mitambo mikubwa ya upepo, ile inayosimikwa baharini. Bahari yenyewe hatukuwa nayo. Tulikuwa na ukungu, kabichi na baridi. Lakini mimi nafundisha umeme chuoni, yeye alifundisha fizikia sekondari, na tulikuwa tumekubali kuandika pamoja sura moja ya kitabu cha wanafunzi wa ufundi: huko baharini jenereta ipi inafaa zaidi, na umeme wake ugeuzwe vipi.

Mimi nilikuwa upande wa mtambo usio na gia. Mapanga yanaizungusha jenereta moja kwa moja, jenereta kubwa iliyojaa sumaku, na umeme wote unapita kwenye kigeuzi, yaani inveta kubwa inayoupokea ukipanda na kushuka na upepo, ikautoa umetulia kama gridi inavyotaka. Gia hakuna, basi hakuna gia ya kuvunjika. Baharini humwiti fundi aje na bodaboda. Gia ikifa, unaagiza meli yenye winchi.

Yeye alitaka gia. "We mgosi," aliniambia, yaani mwanamume kwa Kisambaa, "panda kutoka Mombo mpaka huku kwa baiskeli isiyo na gia, halafu uje tuongee." Gia zinaongeza mwendo, jenereta inakuwa ndogo na nyepesi, na kigeuzi kinashughulikia sehemu tu ya umeme, hivyo hata bei yake inashuka. "Na hayo madini adimu ya sumaku zako utayachimba Mlola?" Alikuwa mbishi yule mwanamke, jamani! Nikisema gia zinakufa, anasema hata inveta zinakufa, chumvi na joto vinazimaliza. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikera.

Siku moja jirani alinisikia nikipiga kelele jikoni, "Mimi na gia zako basi, tumeachana!" Akampigia simu shangazi yangu kule Mazinde kwamba ndoa inavunjika. Kwetu jambo kama hilo haliachwi lilale. Kesho yake shangazi alipanda na gari la asubuhi, amevaa masweta mawili, na mjomba wa mke wangu akateremka kutoka Mlola. Shikamoo zikaisha, wakatukalisha sebuleni, wakaomba dua, wakasema mke aanze. Mke wangu, uso mkavu kabisa, akaeleza gia. Nami nikajibu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mitambo hiyo iko wapi.

"Ng'ambo, mjomba. Baharini."

"Mnao hata mmoja?"

"Hatuna."

Shangazi akajifunga kanga upya. "Yaani nimepigwa na baridi yote hii kwa kitu ambacho hawana!"

Hukumu alitoa hata hivyo: mmoja amalize kusema ndipo mwenzake ajibu, na jikoni marufuku. Tulicheka wiki nzima, na hukumu yenyewe hatukuifuata.

Kisha akaanza kuumwa tumbo. Tulidhani ni vidonda. Hospitali wakasema saratani, na imeshafika kwenye ini. Daktari hakuficha kitu, ila mimi nilikataa kusikia. Nilijiambia, mradi mke wangu anabisha, huyu haendi popote. Hilo ndilo nililolishikilia, na sikuwa na kingine.

Basi kila asubuhi nilikaa kitandani kwake nikamsomea kurasa zetu, na makusudi kabisa nilizichafua. Niliwahi kuandika kwamba kigeuzi kikubwa hakipotezi umeme hata kidogo. Akafumbua jicho moja. "Futa. Huo ni uongo, na wewe unajua." Sauti ilikuwa imeisha, lakini ukali ulikuwepo. Nilikwenda kumkorogea uji nikiwa na furaha kama mtu aliyepewa dawa.

Shangazi alihamia kwetu kunisaidia kumuuguza. Mke wangu alikuwa amekonda mpaka pete tukaifunga uzi isimtoke kidoleni. Asubuhi moja nilimsomea hitimisho nililoliandika kwa uchokozi mtupu: kwamba kwa mitambo mikubwa ya baharini gia zimepitwa na wakati, na asiyeliona hilo hajasoma. Nikangoja anirukie.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini?"

"Isiyo na gia ndiyo bora. Andika hivyo."

"Hapana!" nikasema. "Na uzito wa jenereta je? Na sumaku zinazotoka nchi moja? Na umeme wote kupitishwa kwenye kigeuzi kimoja, kikifa kile je?" Nikazitetea gia kuliko alivyowahi kuzitetea mwenyewe, hoja baada ya hoja, machozi yananidondoka kwenye karatasi. Shangazi alikuja mbio kutoka uani, akidhani kimetokea kitu.

Mke wangu aliuweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa mwepesi mno.

"Umeshinda, mume wangu. Niache nipumzike."

"Sitaki kushinda. Nibishie. Neno moja tu, mke wangu, nibishie."

Alifumba macho. Alilala siku ile nzima bila kuamka, na Ijumaa tukamzika.