Ukulele ya Mama Yaenda Ras Al Khor

Nilikwenda Dubai kwa sababu mama yangu aliacha kuimba. Mpiga gitaa wa kwaya yetu, kule Nakuru, aliifunga ukulele ya Mama nyuzi za chuma akidhani anamsaidia. Kigitaa kile huvaa nyuzi laini za nailoni. Chuma kikavuta mpaka ubao wa mbele ukapasuka. Mama akakitundika ukutani, na nyumba nzima ikapoa. Mafundi wa kwetu walitikisa vichwa tu.

Ndipo kaka yangu Kamau, aliye mlinzi Dubai, akapiga simu kusema amepata fundi huko. Nikaifunga ukulele kwa leso mbili, nikaipakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga.

Mtaani Al Nahda, anakoishi Kamau, nilipokewa katika chumba chao cha vitanda sita, nikapewa cha jamaa aliyekuwa likizo. Kesho yake teksi ilitupitisha mimi na Kamau kwenye marundo ya milango ya magari, eneo la gereji la Ras Al Khor, hadi karakana ya Bi Salma, fundi mwenyewe, Mzanzibari mwenye maranda ya mbao hadi kwenye ushungi.

"Nani kamtia chuma maskini huyu?" aliuliza.

"Mwenzetu wa kwaya, Bibi. Alitaka sauti iwe kubwa."

"Khalas, yaliyopita si ndwele. Kaeni."

Alichukua ubao wa chombo kingine aliokuwa akiupiga randa, akauinua dirishani. Wallahi, niliona mwanga ukipenya ndani ya mti! Sikujua ubao waweza kukondeshwa kiasi kile na bado ukastahimili kuvutwa.

Huku akilainisha gundi, alitusimulia: wafanyakazi wa Madeira, kisiwa cha Wareno, walivuka bahari kwenda Hawaii kukata miwa, wakabeba vigitaa vyao vidogo. Maseremala miongoni mwao wakaanza kuviunda kwa miti ya huko. Wenyeji walivipenda, wakavipa jina la ukulele, yaani kiroboto arukaye.

"Kumbe walienda job kama sisi," Kamau akasema polepole.

Siku ya kuichukua, ufa ulikuwa umebaki mstari mwembamba, lakini nyuzi mpya zilikuwa zimelegezwa kwa ajili ya ndege. Kamau, ambaye hajafika nyumbani miaka mingi, alimsihi Bi Salma azikaze kidogo na kuipiga, naye aisikie.

"La, mwanangu. Chombo kikitoka kwangu, wimbo wa kwanza ni wa mwenyewe. Hata mie sijaupiga."

"Na kama sauti haijarudi?" nikauliza.

"Ubao nimeuunga. Sauti, inshallah."

Njia nzima ya kurudi roho yangu ilikuwa juu.

Nakuru, Mama aliiweka ukulele mapajani bila hata kunisalimu vizuri. Nikampigia Kamau simu, nikaiweka mezani. Mama akakaza nyuzi moja moja, akagusa zote nne, akakunja uso.

"Hii si sauti yake."

Akagusa tena, akainamisha sikio.

"Imekuwa nzito. Imetembea, hii," akasema, na akaanza kuimba.

Nilikuwa nimevuka bahari kutafuta sauti ya zamani, na nikajifunza kwamba fundi huunga mbao tu; mengine ni ya mwenye chombo. Kwenye simu nilimsikia Kamau akiwaambia wenzake chumbani:

"Wasee, zimeni TV. Huyo ni mamangu."