Kitabu cha Kutisha cha Jumapili

Elimu yangu iliishia darasa la nne, lakini kufikia miaka ya tisini nilikuwa na vinu vitatu vya kusaga: Oyugis, Homa Bay na Ogwedhi. Maofisa wenye digrii walipanga foleni kwangu na madebe yao ya mahindi. Ni Jumapili tu zilizonishinda, tangu mke wangu afariki. Mashine ikizimwa, unasikia mji mzima ukila na watu wake.

Siku moja nilinunua gunia la vitabu vikuukuu, vile ambavyo wauza njugu huchana kurasa wafungie njugu. Kimoja kilikuwa na picha ya mkono ukitoka kaburini. Kizungu kilinigomea, nikampelekea mpangaji wangu wa Oyugis, mwalimu mjane, Mkuria. Kiluo hakujua, kwa hiyo alinisomea kwa Kiswahili, kila Jumapili, mlango ukiwa wazi watu wasiseme. Nilipanga tukikimaliza nimwombe tuoane.

Mwandishi alikuwa mzungu wa zamani sana. Alijua kutisha, mwili ulinisisimka. Lakini ubaya wote uliletwa na watu weusi wa kisiwani, wanaobweka kama mbwa. Mwanamke alikuwa mmoja, na kazi yake kuzimia.

"Huyu hata jina hana," mwalimu alisema. "Amezimia mara tatu na chai hajapewa."

Nikacheka. Mimi humo kitabuni nilimpenda bwana mwenye jumba, mtu aliyejijenga kama mimi.

"Hao wa kisiwani nawajua," nikasema. "Si kama nyinyi Wakuria? Mkisikia ng'ombe wa mtu, usingizi unawatoka."

Sokoni Ogwedhi sisi Waluo na Wakuria tunataniana hivyo kila siku, kuhusu wizi wa ng'ombe. Yeye aliweka njiti ya kiberiti kwenye ukurasa.

"Na wewe, Mzee, humu ndani uko upande gani?"

"Wa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba akikuona langoni atakupiga risasi. Halafu arudi kuangalia kama mwanamke wake amezinduka."

Ningesema samahani. Badala yake nilimkumbusha chumba anacholala ni cha nani.

Mwisho wa mwezi alihamia Migori. Ufunguo na kitabu alinipa mkononi, akaniita Mzee kwa heshima ileile.

Kurasa zilizobaki nilizisoma mwenyewe, kwa kidole na kamusi, karibu mwaka mzima. Darasa la nne wangapi wanaweza? Watu wa kisiwani walichomwa wote. Mwanamke alizinduka, bwana akamwoa bila yeye kuulizwa. Nilivaa koti nikaenda stendi, nimfuate mwalimu nimwambie nimeona alichokiona. Gari la Migori lilijaa, likaondoka, nami nimesimama. Nilirudi nikawasha mashine, Jumapili, bila hata punje ya mahindi ndani.