Kombe la Wasichana na Sufuria Zetu

Mjukuu wangu anadaka mpira kuliko kipa yeyote wa kike niliyemwona hapa Louisville, na sisemi hivyo kwa sababu nimemlea. Bon, nasema pia kwa sababu nimemlea. Ana miaka kumi na sita, mikono kama koleo, na anawafokea mabeki wake kwa Kiingereza mpaka mimi nisiyekielewa naogopa. Mwezi wa nne alirudi kutoka mazoezini, akatupa glavu mezani, akaniambia kombe la wasichana limefutwa. Wanaume watacheza kama kawaida. Mdhamini amesema wasichana hakuna anayekuja kuwatazama.

Mdhamini huyo ni Muhindi wetu. Namwita wetu kwa sababu namjua toka alipokuwa na gari moja bovu la mizigo. Ujanani aliuza dukani kwa mjomba wake Bujumbura, Kiswahili alikipata huko, na Kiswahili hicho ndicho kilichomtajirisha Amerika. Sisi wakimbizi wa Kongo tulikuwa tumeshushwa na ndege, tumewekwa kwenye nyumba za kupanga mtaa wa Iroquois, tunakula mkate laini kama pamba na hatushibi. Yeye akaja kutoka Columbus na sombe, majani ya muhogo ya barafu, samaki wa chumvi tunaowaita makayabu, unga wa muhogo na mawese, akaegesha nje ya kanisa wakati ibada inaisha. Hakupiga hata honi. Harufu ya makayabu ilitosha.

Akafungua duka Morse Road, kule Columbus, kisha lingine hapa kwetu, na ghalani kwake nilimfungia pakiti za viungo miaka minne mpaka magoti yakakataa. Akaenda Buffalo, akafungua ghala kubwa zaidi. Fedha zake akaziweka pia kwenye kazi za wengine: saluni ya kusuka ya mama mmoja Mtanzania, malori ya vijana wa Kirundi, jengo lililooza mtaa wa Linden, Columbus, ambalo leo ni ukumbi wa arusi. Halafu akaanzisha kombe la timu za wakimbizi wa miji hii mitatu. Jezi zake, mabasi yake. Mpira wenyewe haujui. Akiona kona anapiga makofi kama ni goli. Lakini alikuwa akikaa juani mpaka mwisho, na kwa hilo nilimheshimu.

Donc habari ile ilinichoma. Jumamosi gari la kanisa lilikuwa linakwenda Columbus kwa arusi. Nikapanda, na mjukuu nikampandisha. Njia nzima alinisihi nisimwaibishe. Nikamwambia bado hata sijaanza.

Tulimkuta dukani, anapanga maboksi ya samaki kwa mikono yake, tajiri mzima. Akatuletea viti, akaniuliza habari za magoti. Sikuja kwa ajili ya magoti.

"Patron, hawa watoto wamekukosea nini?"

Alifuta mikono kwenye suruali. "Mama, hawajanikosea. Fainali yao ya mwaka jana, kwenu kule, nilikaa nikatazama. Tulikuwa mimi, kocha, na mbwa wa mtu. Mama zao wenyewe hawakuja. Kama mama hawataki, mimi ni nani?"

Shule niliishia darasa la pili, lakini kosa langu nalijua nikiliona. Mama walikuwa wapi siku ile? Mimi ndiye niliyewapanga.

Kwetu mkubwa haji akaondoka na njaa. Kwa kuwa yeye hali nyama, tulihangaika zaidi: maharage, sombe bila samaki, ndizi, chapati za kujaza mabeseni. Toka asubuhi wanawake wote tulikuwa jikoni mwa kanisa, ng'ambo ya barabara. Filimbi tuliisikia. Tukasema, watoto wanacheza, Mungu awasaidie, tukaendelea kukoroga. Baba zao walikuja baadaye, kwa mechi ya wanaume. Penalti iliyoleta kombe, mjukuu wangu aliidaka nikiwa nimeshika mwiko. Nilisimuliwa.

Nikamweleza yote hayo. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema siku ile alikuwa kwenye mfungo wa dini yake, hali kitu. Sahani yake alimpa dereva.

Nilitamani sakafu inimeze. Na hapo mtoto ambaye kila siku ananijibu kwa Kiingereza akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Koko, kabla ya penalti nilikutafuta kwa macho. Mimi pia nilifikiri hamtaki."

Muhindi aliacha kucheka. Akasema ratiba imeshapangwa, kombe halirudi mwaka huu, ila atawapa wasichana mechi moja Buffalo, asubuhi, kabla ya fainali ya wanaume. Akikuta viti vitupu, basi kabisa.

Nikarudi kupiga simu. Niliwaambia mama: hakuna kupika. Wangapi walinitukana? Kiongozi wa mama wa kanisa aliniuliza Amerika imenila akili lini, wageni watakula nini. Nikamjibu watakula pizza, hawatakufa. Akakata simu.

Buffalo tulifika wanawake kumi na wanne. Wengine, pamoja na kiongozi wao, waliteremka kwenye basi na sufuria, wakaenda moja kwa moja jikoni mwa kanisa la huko, ng'ambo ya barabara. Kumi na wanne tulikaa nyuma ya goli, tukapiga vigelegele mpaka refa akatugeukia. Mjukuu wangu alifungwa mawili, akaokoa yasiyohesabika, na kila akiokoa alitazama tulipo. Timu ilipoteza.

Nikamfuata Muhindi kabla hajazungukwa na wakubwa wenzake. Akakiri amefurahi. Mwakani atawapa tena mechi moja.

"Si kombe?"

"Mechi, mama. Viti vingi bado vilikuwa vitupu."

Nyuma yake nilimwona kiongozi wa mama akivuka barabara na sinia la chapati kichwani, ameng'aa kwa furaha, anakuja kumkaribisha mkubwa. Nikatembea kukutana naye. Nikalishusha lile sinia mwenyewe, nikamwambia tukae chini kwanza, nimweleze chapati zile zimetugharimu nini.