Watoto Hawahesabiwi

Mama mkwe wangu alikuwa na kikombe kimoja cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho hakikuwa cha chai wala cha uji. Kilikuwa cha dawa yake ya wajawazito. Kilining'inia msumarini jikoni kwake, na kila mke aliyeolewa katika boma lile alijua kwamba siku tumbo lake litakapoonekana, kikombe kitashuka. Nilikichukia kabla sijaonja kilichomo, kwa sababu nilimchukia mwenyewe, na sioni haja ya kulificha jambo hilo sasa kwa kuwa amekufa. Watu wakifa huwa wazuri ghafla. Yeye simpi zawadi hiyo.

Mimi ni wa Laare, mtoto wa watu wa miraa. Niliolewa Embu na kijana aliyekuwa karani mjini, tukapanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Majimbo. Kwao kulikuwa juu, upande wa mlima, pale kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza. Mama yake alinipokea kama ng'ombe aliyenunuliwa bila yeye kuulizwa. Alinizunguka, kisha akanitazama meno, akitafuta rangi ya miraa. Kimeru changu cha Laare kilimchekesha, Kiembu chake mimi sikukifuata vizuri, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili, yeye kile cha sokoni, mimi kile cha shule.

Siku za mwanzo, kwa kutafuta tu maneno ya kusema, nilimwuliza alizaa watoto wangapi. Alinisonya.

"Watoto hawahesabiwi," alisema. "Kwani huko kwenu hamkufundishwa?"

Tulikuwa tumefundishwa. Hata Laare mtu hawanyooshei watoto kidole akasema mmoja, wawili, watatu. Ukiwahesabu, kifo nacho kinasikia hesabu, kinakuja kuchukua chake. Nilijua mwiko huo tangu utotoni, nilijisahau tu. Niliomba msamaha, naye akaupokea kwa kunipa karai la viazi nimenye.

Mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi sita, mume wangu alinipeleka kwa mama yake. Alisema kwao mwanamke hazalii mjini kama paka wa soko. Kikombe kikashuka. Dawa yenyewe ilikuwa mizizi aliyoichimba karibu na mto na magome ya mti ambao hakuwahi kumwonyesha mtu, vyote vikichemshwa katika sufuria nyeusi mpaka maji yakawa rangi ya chai ya mkandaa. Ilikuwa chungu ya kukunja ulimi. Alisema inafungua njia, mtoto anateleza bila kumsumbua mama, na ukishazaa unaendelea nayo ili maziwa yaje mengi.

"Watoto yangu yote ilikunywa hii ndani ya tumbo," alisema. "Yote. Na si unawaona?"

Niliwaona. Mume wangu na shingo yake nene, mwalimu, dereva, na mabinti wawili walioolewa, wenye afya ya kutisha. Ni ushahidi wenye miguu, unakuja Krismasi na kumaliza nyama. Nani angebishana nao?

Nikanywa, kwa utiifu, kila asubuhi. Baada ya siku chache tumbo likaanza kukaza na kulegea, mtu anavyokamua nguo. Nilimwambia. Alifurahi.

"Inafanya kazi," alisema.

Ilifanya. Mtoto wangu alikuja kabla ya wakati wake, wa kiume, mwekundu, kucha zake hazijafika ncha ya vidole. Alipumua asubuhi moja. Nilimwona akitafuta ziwa na kulikosa, na kabla jua halijakausha umande kwenye majani chai alikuwa ameacha kutafuta. Tulimzika nyuma ya migomba. Nilikuwa bado nimesimama pale, maziwa yakinilowesha gauni, mama mkwe aliposema na jirani kwa sauti ambayo hakutaka nikose kuisikia.

"Tumbo ya mtu wa miraa haishiki kitu."

Sijawahi kutafuna miraa maishani mwangu. Kwetu miraa ilikuwa ya wanaume, na baba angenivunja mkono. Nilimwambia mume wangu amwambie mama yake hivyo. Yeye alitazama viatu vyake. Mama mkwe akaingia chumbani, akatoa vidonge vya damu nilivyopewa kliniki, akavitupa chooni. "Hii ndio iliua mtoto," alisema, na tangu siku hiyo ndivyo habari ilivyosimuliwa katika kijiji kizima: miraa na vidonge. Kikombe kilirudi msumarini kikiwa safi.

Nataka niseme ukweli hapa, maana hasira isiwe uongo. Sijui mpaka leo kama dawa ile ndiyo iliyomtoa mwanangu. Watoto huja mapema hata kwa wasiokunywa kitu. Mama yangu mwenyewe alitutibu kwa miti, na kikohozi changu cha utotoni kilipona kwa majani aliyochuma nyuma ya nyumba. Nilipopata mimba ya pili nilikwenda kliniki pale mjini na kumweleza nesi yote. Sikupata jibu nililolitaka. Nilitaka aseme sumu.

"Mimi sisemi ni sumu," aliniambia. "Nasema sijui ni mti gani, wewe hujui, na huyo mama hajui amekupa kiasi gani. Kuna miti inakazanisha tumbo. Na ingine inapita kwa maziwa, mtoto anainyonya. Usikunywe. Na ukiskia tumbo inakaza, kuja hapa mbio."

Usikunywe. Ni neno rahisi kwa mtu asiye na mama mkwe. Mume wangu alinisikiliza akila, akasema nesi ni mtu wa kusoma tu, mama yake amelea. Kisha akanipeleka juu tena, na begi langu, na tumbo langu, na hofu yangu ambayo haikumhusu.

Siku za kwanza niliimwaga dawa kwenye migomba, pale pale alipolala mwanangu, na nikamwomba anisamehe. Mama mkwe akaona mahali penye unyevu, akaanza kukaa mbele yangu mpaka nimalize. Nikajifunza kuiweka mdomoni, kutoka nje, na kuitema kwenye leso. Alinitazama siku mbili, mama yule, na siku ya tatu nilipojaza mdomo akavuta kigoda karibu, akatabasamu.

"Sasa niambie habari ya Laare," alisema.

Huwezi kusimulia habari ya kwenu na mdomo umejaa. Nilimeza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Jioni ile tumbo lilikaza mara moja, likaachia, na nilikaa kitandani nimelishika kwa mikono miwili kana kwamba mtoto angeweza kuanguka. Nilijua kwamba nikinywa kikombe kile kila siku, nitarudi nyuma ya migomba.

Wiki hiyo tulikuwa tunachuma kahawa, na shangazi wa mume wangu alikuja kusaidia. Alikuwa mzee mwenye maneno mengi, na mimi nilihitaji mtu wa kucheka naye. Nikamtania kuhusu jina la nyumbani la mume wangu. Yeye ana jina la kanisani zuri kabisa, lakini mama yake humwita kwa neno la Kiembu ambalo maana yake ni fisi. Nilisema labda alizaliwa akiwa na njaa.

Shangazi hakucheka. "Hilo jina hupewi bure," alisema. "Mtoto anaitwa fisi ndio kifo ikimwona iseme, aa, hii takataka siitaki. Ikipita, anaishi. Si wale wengine walikuwa wamechukuliwa?"

"Wengine gani?"

Aliinama kwenye kikapu chake. "Watoto hawahesabiwi," alisema, akaendelea kuchuma.

Mume wangu ndiye aliyedhaniwa kifungua mimba. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na hivyo ndivyo alivyojua mwenyewe. Nilisimama kati ya mikahawa nikaelewa "yote" ya mama mkwe ilikuwa yote gani. Walio hai walikuwa mashahidi wake, wakila nyama ya Krismasi. Waliokufa hawakuitwa kutoa ushahidi, na mwiko ulikuwa umesimama mlangoni kuhakikisha hakuna atakayeuliza idadi. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilifurahi kama mtu aliyekuwa mikono mitupu akaokota panga.

Sikulitumia panga hilo faraghani. Nilingoja wamama wa kanisa. Walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kwa maombi, na zamu yake ilipofika walijaa sebuleni, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai na viazi vitamu. Mmoja alikuwa amekuja na mke wa mwanawe, msichana mwenye mimba changa, aliyeketi karibu na mlango bila kuinua macho. Alikuwa ameletwa kwa ajili ya dawa. Mama mkwe alinawiri. Aliingia jikoni akarudi na kikombe kimejaa, akakiweka mbele yangu mezani.

"Kunywa, huyu msichana aone si kitu ya kuogopa," alisema. Akawageukia wenzake. "Watoto yangu yote ilikunywa hii."

Nilimgeukia. "Wote, mama?"

"Yote."

Niliinua mkono wangu wa kushoto na kuanza kukunja vidole, polepole ili waliokuwa nyuma waone.

"Karani, mmoja. Mwalimu, wawili. Dereva, watatu."

"Shindwa!" mama mmoja alipiga kelele. Mwingine aliniwahi mkono akaushika, nikautoa.

"Mabinti, wanne, watano. Hao ndio wako hai. Sasa, mama, tuhesabu waliomtangulia Fisi. Walikuwa wangapi? Nao walikunywa?"

Hakuna aliyeweka kikombe chini. Msichana aliyekuwa mlangoni alikuwa ameinua macho, na mikono yake ilikuwa imelizunguka tumbo. Nilimtazama mama mkwe kwa hamu yote niliyokuwa nayo. Nilitaka akane. Nilitaka anitukane, aseme miraa, aseme vidonge, ili nimrudie mara ya pili na ya tatu mbele ya watu aliowatambia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kutosha mpaka jioni.

Alikuwa amesimama, anatazama vidole vyangu vilivyokunjwa. Midomo yake ilisogea kwanza bila sauti, kama mtoto anayejifunza hesabu darasani.

"Watatu," alisema.

Kisha akasema, "Na wako."

Alikichukua kikombe mezani kwa mikono miwili, akakibeba kwa uangalifu, asimwage hata tone kwenye sakafu yake, akatoka nje. Tulisikia maji yakimwagika. Hakurudi ndani. Wamama walimaliza kwa sala fupi, wakaondoka wakinipita kwa mbali, na yule msichana akaondoka nao bila dawa.

Na wako. Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi kuliko aliyoishi baada ya kuyasema. Kumbe alikuwa amemhesabu. Siku zile alipokuwa akisema miraa, akisema vidonge, mwanangu alikuwa tayari ni wa nne katika hesabu ambayo hakumwonyesha mtu, na bado mimba ya pili ilipokuja aliteremsha kikombe, akavuta kigoda, akaniambia nimsimulie habari ya Laare. Sijui mtu hufanyaje hivyo. Labda ukishazika watatu kwa mkono wako huwezi tena kuuacha mkono usimame, kwa maana ukisimama utauona. Hilo ni wazo la uzeeni. Siku ile nilifikiri tu: nimekupata.

Alimtuma mtu mjini na ujumbe kwa mume wangu: njoo uchukue mtu wako. Nilimaliza mimba yangu Majimbo, nikinywa vidonge vyangu, chai na maji, na binti yangu akazaliwa hospitalini kwa wakati wake, mzito, mwenye sauti ya kuuza samaki. Alinyonya kama anadai deni. Hakuna aliyekuja kutoka juu na uji wala ndizi. Nilisikia kwamba wanawake walikuwa wameacha kwenda kwake kuomba dawa, na kwamba alipopita njiani na jembe wenye mimba walijifanya wanafunga kamba ya mbuzi. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Niliisikia habari hiyo nikinyonyesha, na sitadanganya kwamba iliniharibia chakula.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, mume wangu alisema lazima apelekwe akaonwe na nyanya yake. Tulimkuta uani. Alikuwa amejua tunakuja, kwa sababu kulikuwa na sabuni na jivu pale kwenye bomba, na mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka ngozi ya vidole imepauka. Jikoni, msumari ulikuwa mtupu. Nilimfungua mtoto mgongoni nikamsogeza mbele, nikingoja, kwa sababu nilitaka nione atakavyoomba.

Mume wangu alisema, "Mama, mshike basi. Ni wako."

Alimtazama mtoto. Mikono ilinyanyuka kidogo, ikafika nusu ya njia, na mtoto, ambaye hakujua chochote, akamshika kidole. Mama mkwe akakitoa kidole taratibu, akaificha mikono yote miwili kwapani.

"Hapana," alisema. "Nikimshika nitamhesabu."

Hakumshika siku ile, wala hakumshika hata mmoja kati ya waliomfuata, mpaka tulipomzika yeye mwenyewe. Nilikuwa nimetaka nimwone ameshindwa, na nilimwona. Nikamfunga mtoto mgongoni, tukashuka Majimbo.