Damu Bila Kahawa

Mdogo wangu wa kike, niliyemlisha na kumvisha tangu wazazi wetu walipofariki, aliikataa damu yangu. Hakuikataa kwa mdomo, maana saa ile hata nguvu ya kufungua mdomo hakuwa nayo. Damu zenyewe ndizo zilizokataana, juu ya kigae cheupe cha hospitali, nami nimesimama palepale nikitazama.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, nikiwa darasa la tatu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hata hatujavuna maharage ya msimu ule, na ng'ombe hawajui kwamba mchungaji wao ana somo la hesabu. Nikabaki na wadogo zangu, msichana mmoja na wavulana wawili. Shangazi yetu, dada yake baba aliyeolewa Kituntu, alikuja akitaka kutugawa kwa ndugu, huyu hapa na yule kule. Nilimwambia hatugawanyiki. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, na hapakuwa na mbali, kisha akacheka na kuniachia jembe lake. Tangu siku hiyo nilijihesabu kuwa baba na mama wa wale watoto, na sikuwahi kufikiri kuna kitu watakachohitaji ambacho mimi nitakosa kuwa nacho mwilini mwangu.

Mwaka ninaousimulia, mdogo wangu alikuwa ameshachumbiwa. Mchumba wake alikuwa kijana wa jirani, mfugaji kama sisi, mpole, mtu wa kusema neno moja na kupumzika. Pombe ya ndizi ya kuwekeana ahadi ilikuwa imeshanywewa na harusi ilingoja mvua zipite. Asubuhi moja mdogo wangu akaenda kuinua ndama aliyezaliwa wakati huohuo. Ng'ombe wetu wana pembe ndefu, na ng'ombe aliyetoka kuzaa hana rafiki. Pembe iliingia pajani. Nilipofika, nyasi zote pale zilikuwa nyekundu.

Nililifunga lile paja kwa shati langu. Mchumba wake alikuja mbio kutoka malishoni, tukamweka mgonjwa kwenye machela na kumbeba na majirani hadi barabarani. Pale njia panda kulikuwa na duka la Mwislamu mmoja ambaye babu yake alitoka pwani. Lori lake lilikuwa limejaa magunia ya kahawa, tayari kuondoka. Hakuna aliyemwomba kitu. Alitazama machela, akaamuru magunia yashushwe, akashika usukani mwenyewe. Njia nzima alikuwa akiyagombeza mashimo ya barabara kama mwalimu wa madrasa anavyogombeza watoto wasiojua sura yao.

Hospitali ya misheni ilikuwa na daktari Mzungu aliyesema Kiswahili cha polepole, na dresa mmoja, msaidizi wake wa kufunga vidonda, mtu wa kwetu, aliyeyageuza maneno ya daktari kuwa Kinyambo, lugha yetu, na kuyaongezea chumvi njiani. Daktari alilishona paja. Kisha akatoka, mikono bado imelowa, akasema jeraha limefungwa lakini mgonjwa amebaki mtupu. Akipata damu ya mtu mwingine atapona. Asipopata, yeye daktari hana dawa nyingine.

Siku hizi najua damu hukusanywa mapema, ikapimwa, ikawekwa kwenye baridi, ikamngoja mgonjwa asiyejulikana. Wakati ule hakukuwa na ghala. Ghala lilikuwa sisi tulioketi kwenye benchi.

Nilikunja mkono wa shati nililoazimwa na dresa kabla hajamaliza kueleza. Alinitoboa kidole, akachanganya tone langu na la mdogo wangu juu ya kigae, akakitikisa taratibu karibu na dirisha. Nilitarajia lile tone litatulia. Badala yake lilikatika vipunje, kama maziwa yaliyoharibika. Dresa alisema damu hiyo ikiingia ndani yake itamuua. Nilimwambia sisi ni baba mmoja, mama mmoja, arudie. Alirudia. Maziwa yalikatika tena. Sikumbuki siku nyingine niliyojiona mgeni katika familia yangu.

Mwenye duka alitoa kidole chake bila kuambiwa. Chake nacho kikakataliwa, na alikasirika kama mtu aliyerudishiwa zawadi, akimuuliza dresa damu iliyolelewa kwa wali na tende ina kasoro gani.

Akabaki mchumba. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani. Alitoa kidole bila kutazama. Tone lake na la mdogo wangu yaliungana yakatulia, mekundu, laini, yakateleza juu ya kigae kama mafuta. Dresa alitabasamu, akaenda kuandaa chupa. Kijana yule hakutabasamu. Alinishika mkono akanivuta nje, nyuma ya jiko la hospitali, nami moyoni nilikuwa nimeshaanza kumdharau nikidhani anaogopa sindano.

"Shemeji," alisema, "nikimpa damu yangu, nitamwoa nani?"

Nilimwelewa mara moja. Kwetu kuna udugu wa kuchanjana, tunauita omukago. Watu wawili wasio ndugu huchanjwa karibu na kitovu, likachukuliwa tunda moja kavu la kahawa ya kutafuna na kupasuliwa vipande viwili, kila kipande kikapakwa damu ya mmoja, na kila mtu akala kipande chenye damu ya mwenzake huku wakiapa. Wakishakula ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Hawanyimani, hawasalitiani, na familia zao haziozani. Misheni ilikuwa imeukataza, tukaacha kuufanya, lakini kuuogopa hatukuacha. Na kama kuonja damu kidogo juu ya kahawa kunafanya ndugu, chupa nzima inafanya nini?

Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Nikamwambia pia kwamba sitamlazimisha.

"Basi awe dada yangu," alisema. "Dada aliye hai."

Aliingia ndani. Dresa alimfunga mpira juu ya kiwiko mpaka mshipa ukasimama. Sisi wafugaji tunajua jinsi ya kumtoa ng'ombe damu. Unamfunga kamba shingoni, mshipa unavimba, unapiga mshale mfupi, unakinga. Kijana aliuangalia mkono wake, akaangalia sindano, akasema angalau ng'ombe hupelekwa malishoni baadaye. Dresa alimjibu kwamba yeye atapelekewa chai. Damu ikateremka kwenye mrija hadi kwenye chupa ya kioo iliyokuwa na dawa ya kuizuia isigande, na dresa akawa anaitikisa polepole kama mwanamke anayesukasuka maziwa kibuyuni. Ilipojaa ilikwenda moja kwa moja kitandani kwa mdogo wangu, ikiwa bado na joto la mwenyewe, ikatundikwa msumarini na kuanza kushuka tone kwa tone.

Kijana alipewa chai yenye sukari nyingi kuliko aliyowahi kuonja. Aliinywa na uso wa mtu aliye matangani.

Kesho yake midomo ya mdogo wangu ilikuwa imerudi rangi. Alifumbua macho, akaniona, akauliza kama ndama amenyonya. Nilitoka nje nikacheka peke yangu hadi machozi yakanitoka, wagonjwa wa nje wakanihurumia wakidhani nimefiwa.

Furaha ile haikukaa sana. Baba wa kijana alifika na fimbo yake na kofia yake ya Jumapili, akasikiliza habari yote, akampa pole mgonjwa kwa upole kabisa. Kisha akatamka kwamba harusi hakuna. Alisema hana ugomvi na mtu, ila yeye ni Mkristo na hawezi kumwozesha mwanawe dada yake. Mwanawe aliinamisha kichwa. Mdogo wangu aliugeuza uso ukutani. Mimi niliyewalea wale watoto bila kumwomba mtu ruhusa, nilisimama katikati ya vitanda kama mti.

Ndipo alipoingia shangazi, ametembea kutoka Kituntu, miguu ina vumbi hadi magotini. Tulimwamkia shikamoo. Aliitikia, akakaa kitandani bila kumwomba dresa ruhusa, akataka aambiwe yote tangu mwanzo. Nilimwambia. Alinisikiliza, kisha akamgeukia yule mzee.

"Kahawa iko wapi?"

Mzee aliuliza kahawa gani.

"Ya kuapia. Waliila wapi? Nani aliipasua?"

Mzee alisema kahawa haikuwapo, lakini damu ilikuwapo, tena chupa nzima. Shangazi akamwambia damu bila kahawa ni kama ng'ombe aliyechinjwa bila sherehe, ni nyama tu. Akauliza ni nani aliyetamka kiapo. Akauliza damu ya msichana aliila nani, kwa sababu omukago ni kupeana, na hapa mmoja ametoa na mwingine amepokea. Sauti ikatoka kitandani, dhaifu lakini imenyooka.

"Mimi nilikuwa nimezimia. Sijaapa chochote."

Dresa, aliyekuwa akijifanya anakunja bandeji, aliingilia. Alisema yeye ameshatoa damu hapohapo kwa wagonjwa wa Bugomora mara kadhaa. Kama ule ungekuwa udugu, nusu ya Bugomora ingekuwa inamlisha, na mpaka leo hakuna aliyemletea hata ndizi moja ya kuchoma.

Mzee alicheka kabla hajajizuia. Aliketi kwenye benchi, akaiweka fimbo magotini, akasema atafikiri. Tuliona kabisa kwamba ameshamaliza kufikiri.

Na hapohapo mwenye duka akaingia, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Watu wa pwani kahawa huinywa, lakini yeye alikuwa ameishi kwetu vya kutosha kujua kwamba mgeni mwenye adabu huja na kahawa ya kutafuna. Alikuwa na kifurushi kizuri cha majani ya mgomba. Alikifungua, akatusalimu wote, akachukua kahawa moja, akaipasua kwa kucha, akanyoosha kipande kimoja kwa mgonjwa na kingine kwa kijana, akisema waliopona pamoja wale pamoja.

Sikuwahi kumwona mwanamke wa umri wa shangazi akiruka namna ile. Alimpiga kijana kiganja cha mkono, kahawa ikaenda chini ya kitanda cha jirani. Kipande cha mdogo wangu alikinyakua na kukitia kinywani mwake mwenyewe. Mwenye duka alibaki ameduwaa na kifurushi mkononi, akiuliza amekosa nini. Shangazi alitafuna kwanza, akameza, kisha akamwambia hajakosa kitu, kahawa yake ni tamu sana, ila hawa wawili wameshakatazwa na daktari. Baba wa kijana alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko, kofia ya Jumapili imemwangukia usoni. Alipopata pumzi alisema watu wanaofichwa kahawa namna hiyo ni wachumba, si ndugu.

Harusi ilifanyika mvua zilipopita, bibi harusi akichechemea kidogo. Kahawa ilizungushwa kwa wageni wote kama desturi, na shangazi alikaa kati ya maharusi, macho kwenye mikono yao, mpaka kikapu kilipopita.

Mimi nilirudi hospitali baadaye. Dresa alikuwa ameniambia kwamba damu iliyokataliwa na ndugu yangu inaweza kuwafaa wengine, na neno lile lilinikaa. Basi mara kwa mara alitumwa mtu na baiskeli kuniita, nami nikaenda. Chupa ya kwanza alipewa mama mmoja wa Songambele aliyejifungua vibaya. Sikumwona sura. Niliambiwa tu ameamka na ameomba uji, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu mrefu zaidi.

Shemeji yangu na mdogo wangu wamezeeka pamoja. Wakigombana, shemeji, ambaye siku hizi maneno yameongezeka, humkumbusha kwamba ana damu yake mwilini. Mdogo wangu humjibu kwamba ile ilikwisha zamani, hii aliyonayo ameitengeneza mwenyewe kwa maharage na matoke. Kisha anamwekea kahawa yake kwenye kisahani, na yeye ya kwake kwenye kisahani kingine, mwisho kabisa wa meza.