Juisi ya Kilio cha Mama

Niseme tu ukweli: mimi ndiye niliyewanywesha bangi watu waliokuja kumulilia mama yangu. Mimi ni mutu wa kushinda nyumbani. Mambo ya sufuria ninayajua, ya barabara hapana. Huko Mugunga nilinunua juisi ya tangawizi, chupa zimechorwa jani. Nikafikiri ni jani la sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, nikafurahi kwamba wafiwa wataongeza damu. Saa ya maombi ilipofika, mujomba alisimama mbele ya picha ya mama, akaangua kicheko. Wote wakamufuata, hata mimi, huku machozi yananitoka. Jirani yetu Mama Neema, ambaye hakunywa, alinyanyua chupa.

“Papa Deo, hii ni bangi! Serikali inaikataza. Wakikufunga, utatoka. Lakini mama ulikuwa naye mumoja tu, na umemuaga ukicheka.”