Lukresia Hapigi Randa Mwezi wa Desemba

Ni saa tatu asubuhi, Masama, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, siku nne kabla ya Krismasi ya 1999. Lukresia Temba amepiga magoti juu ya kochi la watu, bisibisi mkononi, shavu karibu liguse kioo. Anasukuma dirisha la sebule. Linatoka likikwaruza, kisha kona ya chini inagoma kabisa.

"Piga randa hapo chini tumalize," anasema Gidioni, mwenye nyumba, aliyefika juzi kutoka Dar es Salaam.

"Kaka, ukitaka randa mtafute fundi mwingine," anajibu Lukresia bila kugeuka. "Mimi Desemba sipigi."

Gidioni ana haraka. Madirisha yake ya aluminiamu yamevuka mpaka wa Holili kutoka Kenya wiki iliyopita na yako stoo mjini yakimsubiri. Mama yake ndiye aliyemwomba ampe fundi nafasi, naye ametoa mpaka saa sita. Hili likifunga, madirisha yote kumi na manne ya mbao yatabaki. Likishindikana, kesho yanang'olewa.

Kwa Lukresia, hii si nyumba moja tu. "Huyu akiweka aluminiamu, sikukuu haiishi kabla majirani wote hawajaja kuishika," anasema. "Mwakani huku nitakuja kusalimia tu."

Fundi huyu wa kike kutoka Njoro, mjini Moshi, ana miaka 47. Useremala aliujulia kwenye kiwanda cha samani, kikafungwa mwaka 1993, akatoka na patasi mbili na nyundo. Mpaka leo wapo wanaomfungulia geti, wakachungulia nyuma yake na kuuliza fundi yuko wapi.

"Nawaambia amechoka kusubiri mfungue, kaniachia mimi."

Anatoza shilingi 1,500 kwa dirisha. Desemba hufikisha hata arobaini, maana watu wa mlimani hurudi nyumbani kwa Krismasi, wakafungua vyumba vilivyofungwa mwaka mzima na kukuta mbao zimevimba kwa mvua za vuli. Wanaita randa. Januari wanaondoka, jua linawaka, mbao zinanywea, dirisha linabaki na pengo.

Kosa hilo analijua kwa kulifanya. Kazi yake ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa madirisha sita ya mwalimu mmoja, hapahapa Masama. Aliyapiga randa yote.

"Februari akanipeleka nikaone. Dirisha limefungwa, na mkono wangu unapita! Nikayatengeneza upya kwa mbao zangu. Miaka miwili hakuna aliyeniita huku."

Mama Elinipendo, miaka 78, mama yake Gidioni, anaingia na bakuli la mtori, supu ya ndizi na nyama.

"Muulize la chumbani kwangu," anamwambia fundi. "Krismasi iliyopita alilipiga randa mwenyewe, na shati kavua. Januari huyo, Dar. Mimi nikabaki kuziba upepo kwa matambara."

"Mama, mbele ya wageni?"

"Mgeni nani? Huyu ni fundi."

Lukresia anacheka, lakini mikono haisimami. Anamwonyesha Gidioni bawaba ya juu: skrubu zimelegea, dirisha limeinama, ndiyo maana kona ya chini inaburuza. Anazifungua, anajaza matundu kwa vijiti vya mbao na gundi, anazikaza upya. Nyuma ya bawaba ya chini anaweka kipande cha boksi la kiberiti. Kona inanyanyuka kiasi cha unene wa kucha.

Saa tano na nusu analisukuma kwa kidole kimoja. Linatoka kimya, linarudi, kitasa kinaingia.

Gidioni analifungua na kulifunga mara nne, kama anayetafuta kesi.

"Haya, yabaki," anasema mwishowe. "Sasa yale yaliyoko stoo nifanye nini?"

"Weka zizini," anasema mama yake. "Ng'ombe nao waone mlima."

Lukresia ana mpango. Februari, mbao zikiwa kavu, atapanda kuanzia Masama, nyumba kwa nyumba, akague madirisha mbele ya hao akina mama wanaobaki nayo mwaka mzima.

"Wanaokuja wiki mbili waamue chakula cha sikukuu," anasema. "Dirisha aamue anayelala nalo. Na aluminiamu ije, siikimbii. Ikigoma, nayo itahitaji fundi."

Kisha anamgeukia Gidioni.

"Kaka, sogeza hiyo meza. Bado kumi na tatu."

Gidioni anasogeza meza.